Nani Alikuwa kwenye Usukani?

Mlimwacha Joan kwenye mteremko wa Subukia, mvua ikimwagika kama mbingu imetobolewa, Probox yake ikielea juu ya maji, na mama mkwe wake ameurukia usukani kwa mikono miwili. Basi shikeni viti, maana gari bado linaenda.

"Achilia, Shosho! Achilia!"

"Siachilii! Unataka kunimaliza vile ulimaliza mtoto wangu!"

Magurudumu hayakuwa yakigusa lami tena. Yalikuwa yamepanda juu ya maji, na usukani ulikuwa mwepesi, mwepesi wa kutisha. Mbele, kona. Baada ya kona, ukungu na bonde.

Mguu wa Joan ulitaka breki. Mwili wake wote ulitaka breki. Akaunyima. Aliinua mguu kutoka kwa mafuta taratibu, kisha akafanya jambo ambalo mke wa mtu hafanyi: alimpiga mama mkwe wake kiwiko cha kifua.

Ndiyo, msomaji. Kiwiko. Semeni mtakavyo, lakini mikono ya ajuza ilibanduka, na usukani ukabaki na mwenyewe mmoja.

Joan aliunyoosha, hakuuzungusha. Gari likaserereka. Likaserereka tena. Ukingo wa chuma ukaja hadi karibu na dirisha la Shosho. Kisha chini yao ukasikika mkwaruzo mtamu kuliko kwaya ya kanisani. Mpira ulikuwa umeuma lami.

Joan akapunguza gia, akawasha taa za hazadi, akaendelea kushuka kwa mwendo wa ng'ombe anayepelekwa dipu kuogeshwa.

"Umenipiga," Shosho alisema.

"Nimekupiga."

"Mimi. Mama ya bwana yako."

"Ukishika usukani tena, nitakupiga tena."

Hapo Shosho akageukia dirisha lake, Joan akabaki na barabara.

Kwa wewe uliyeingia njiani, jua hivi. Thuo, mume wa Joan, alikufa mvua za mwaka jana kutokana na ajali ya mteremko huu huu, gari lilipolipita lori na kuserereka hadi mtaroni. Kulikuwa na watu wanne ndani: Thuo, Joan, binti yao Natalie, na Jeff, ndugu mdogo wa Thuo. Joan alizinduka hospitalini akakuta hadithi imeshapikwa na kupakuliwa. Jeff, aliyetoka na mkwaruzo wa kidevu tu, alikuwa ameambia ukoo mzima kwamba aliyekuwa akiendesha ni Joan.

Joan hakusema ndiyo, hakusema la. Kijiji kikajijibia.

Sasa Natalie alikuwa amekwenda likizo kwa nyanya yake, huyu huyu Shosho Wariara, ambaye jina lake mtoto amelipewa kama jina la pili. Shule zimefunguliwa, mtoto hajarudi nyumbani, mtaa wa Section 58, Nakuru. Kila Joan akipiga simu, Jeff, anayekaa na mama yake, anakata. Leo Joan alikuwa amefunga duka lake la dawa za mifugo pale Free Area na kuwasha gari. Na Shosho, aliyekuwa Nakuru kwa kliniki ya presha na kukosa gari la kurudi kwa sababu ya mvua, aliingia kiti cha mbele bila kualikwa. Hakuingia kwa mapenzi. Aliingia kulinda, mjukuu asichukuliwe.

Nyuma yao honi ililia. Gari dogo jekundu lilikuwa limejibandika mkiani, taa zikiwaka na kuzima.

Dereva akachomoka pembeni, akawapita penye kona, dirisha likiwa wazi licha ya mvua. "Mathe! Kama unaogopa maji, kaa nyumbani uoge na besheni!"

Shosho alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Umesikia? Hata vijana wanakuona. Unaendesha kama umebeba mayai."

"Nimekubeba wewe."

"Kama ungekuwa na huu uoga siku ile, Thuo angekuwa hapa."

Joan aliuma mdomo kwa ndani hadi akaonja damu. Macho hayakutoka barabarani. Mbele alikuwa ameacha nafasi ya kutosha magari matano, na kioo kilipoanza kuingia ukungu wa pumzi zao mbili zenye chuki, alifungulia hewa ya joto bila kuuliza mtu.

Kona mbili chini, lile gari jekundu lilikuwa limelala ubavu kwenye mtaro, magurudumu yakizunguka taratibu. Yule mwenye maneno alikuwa ameketi juu ya jiwe akitetemeka, kiatu kimoja mguuni. Wenye lori waliokuwa wamesimama walikuwa wakimfunika kwa turubai.

Joan aliteremsha kioo. "Ameumia?"

"Ni mshtuko tu, madam. Enda pole pole huko chini."

Shosho hakucheka tena. Alitoa simu kwenye kitambaa kifuani, akapiga, akaibandika sikioni.

"Jeff? Anakuja. Niko naye hapa. Tuko karibu kukata kona ya nyumbani... Ndio, amekuja kuchukua mtoto. Fanya haraka."

"Afanye haraka nini?" Joan aliuliza.

"Si yako."

"Shosho, afanye haraka nini?"

"Endesha gari. Si hiyo ndiyo kazi unajua? Kuendesha watu hadi kaburini?"

*

Waliacha lami, wakaingia barabara ya murram inayokwenda kwa Shosho. Matope yalikuwa mekundu na mazito kama uji wa wimbi. Joan alishika njia ya katikati, gia ya chini, bila kukanyaga mafuta ghafla, na Probox ikatambaa kwa utii.

Kisha wakafika mtoni, na utii ukaisha.

Pale pana kivuko cha zege kilicholala chini kama karai. Kiangazi ng'ombe hunywa hapo maji ya kulowesha kwato. Leo mto ulikuwa umepanda juu ya zege, mwekundu, wenye povu, ukibeba matawi, mabua ya mahindi na mlango mzima wa banda la kuku. Nguzo fupi za pembeni zilichungulia vichwa tu.

Joan alisimamisha gari mbali na maji, akavuta breki ya mkono.

"Pita," Shosho alisema.

"Sipiti."

"Ni maji ya magoti! Nimevuka huu mto kabla mama yako ajue kutembea!"

"Sioni chini. Nikikosa kuona chini, sijui kama barabara bado iko. Tutangoja yashuke."

"Tungoje wapi? Kwa gari yako? Heri nikae na fisi."

"Mlango uko hapo, Shosho. Fisi wako nje."

Shosho alishika kitasa, kweli alikishika. Lakini kabla hajafungua, taa mbili kubwa zilitokea ng'ambo, zikishuka kwa kasi kati ya miti ya mikaratusi.

Ilikuwa pikapu ya Jeff, double cabin.

Sasa Joan akaelewa ile "fanya haraka". Jeff hakuwa akija kuwapokea. Alikuwa akikimbia kabla hawajafika, na hakuna barabara nyingine ya kutoka kule.

Joan aliwasha taa kali, akazizima, akaziwasha. Akaruka nje kwenye mvua, akapunga mikono yote miwili juu ya kichwa. "Simama! Jeff, simama! Usiingie!"

Jeff aliingia.

Maji yalipasuka pande mbili kama mabawa. Kwa muda gari kubwa lilikata mto kifua mbele, na Shosho, aliyekuwa ametoka pia, akapiga makofi ya furaha. "Ona mwanaume! Ona vile mwanaume anaendesha!"

Injini ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikanyamaza.

Double cabin ilibaki kwenye mto, karibu na upande wao, hatua chache tu kutoka ukingoni. Kisha taratibu, bila haraka yoyote, mto uliisukuma makalio, ukaizungusha, ukaibamiza kwenye nguzo mbili za mwisho. Chuma kikalia. Nguzo zikashikilia.

"Jeff!" Viganja vya Shosho vilikuwa bado hewani. "Jeff wangu!"

Joan hakuwa akimtazama Jeff. Alikuwa akitazama dirisha la nyuma. Kiganja kidogo kilikuwa kikipangusa ukungu kwenye kioo, na nyuma ya kiganja kulikuwa na macho.

"Natalie," alisema.

*

Hakuna aliyemwambia afanye nini. Alifungua buti, akatoa kamba ya kuvutia gari, akafunga ncha moja kwenye pete ya chuma chini ya pua ya Probox, nyingine akaizungusha kiunoni. Injini aliiacha ikinguruma, hewa ya joto ikiwaka.

"Shikilia kamba, Shosho. Ikilegea, vuta. Ikikaza, achilia kidogo."

"Usiniambie kitu. Enda!"

Maji yalikuwa baridi kama ya friji. Yalimshika magoti, mapaja, kiuno. Jiwe fulani lisiloonekana lilimpiga mguu, akaanguka, akainuka. Alipofika kwenye gari alikuta Jeff amepanda juu ya paa, amelala kifudifudi, amekumbatia chuma. Mtoto alikuwa amemwacha ndani.

"Umemwacha!"

"Mlango umekwama!" Jeff alilia. "Nitoe, Joan! Mkono wangu umevunjika! Nitoe!"

Joan alimpita. Alipiga kioo cha nyuma kwa kiwiko, kikakataa. Akapiga tena. Akavua kiatu, akapiga kwa kisigino, kioo kikamwagika kama chumvi ya mawe. Akamvuta mtoto kupitia hapo, sweta likichanika.

"Mami, maji yameingia kwa viatu."

"Nishike shingo. Usiangalie chini. Angalia Shosho."

Walirudi. Namna walivyorudi hata Joan hakujua. Alijua tu kwamba kamba ilikaza na kulegea pale ilipopaswa, na kwamba mikono ya mama mkwe ilimpokea Natalie ukingoni.

Natalie aliwekwa kiti cha nyuma, akafunikwa kwa shuka ya Shosho, mlango ukafungwa.

Joan aliinama akishika magoti, akitapika maji machafu. Alipoinua kichwa, Shosho Wariara alikuwa amesimama mbele yake. Mwanamke huyu, aliyemnyima hata mkono siku ya mazishi, alikuwa ameunganisha viganja.

"Ni yeye tu nimebaki naye."

Joan alitazama mtoni.

"Tafadhali," Shosho alisema. Neno hilo lilimtoka kama jino linavyong'olewa.

Ningekuwa mimi, msomaji, ningewasha gari. Labda na wewe pia. Joan alitema mate, akakaza fundo kiunoni, akarudi mtoni.

*

Maji yalikuwa yamepanda. Sasa yalimfika kifuani. Alipanda juu ya paa la double cabin kwa kucha na meno, akamkuta Jeff amekunja mkono wa kulia tumboni, uso umekuwa majivu.

"Twende. Shika kamba."

"Siwezi kushika! Nimekuambia mkono umevunjika! Nitabebwa!"

Chini yao nguzo moja ilitoa mlio mbaya.

Joan hakuwa na muda wa mabishano. Alijifungua kamba, akamfunga Jeff kiunoni, mafundo mawili. "Mama yako atakuvuta. Ukifika, unirushie. Umesikia? Unirushie kamba mara moja."

"Nitarusha. Naapa, Joan. Naapa kwa kaburi ya Thuo."

Akateremka. Shosho akavuta, akipiga kelele za kumwita Mungu na ukoo. Mara mbili kichwa cha Jeff kilizama, mara mbili kikatokea. Mwishowe alitambaa matopeni, akalala, akakohoa. Mama yake akamwangukia shingoni.

"Kamba!" Joan aliita. "Jeff! Kamba!"

Jeff alisimama. Alifungua fundo la kiunoni. Alitembea hadi kwenye pua ya Probox, akachuchumaa, akaanza kufungua fundo la pili, lile la kwenye pete ya chuma.

Na mkono aliotumia ulikuwa wa kulia. Vidole vitano vyote vikifanya kazi, vikali kama vya fundi cherehani.

Joan aliona. Alielewa kabla hajataka kuelewa.

"Jeff, unafanya nini?" Shosho aliuliza. "Mrushie! Hiyo nguzo haitakaa!"

"Mathe, ingia gari."

"Tumtoe kwanza."

"Mathe, ingia gari tuende! Sasa hivi!"

"Jeff. Huyo amekutoa kwa maji."

"Basi baki naye."

Kamba ikaanguka matopeni. Mlango ukabamizwa. Probox ikarudi nyuma ikipepesuka, ikageuka, na Shosho akaikimbilia na kupiga boneti kwa viganja. Jeff hakupunguza. Kioo cha pembeni kilimpiga bega ajuza wa watu, akazunguka, akakaa chini kwenye dimbwi. Kwenye dirisha la nyuma mtoto alikuwa akigonga, akigonga, mdomo wazi, na mvua ikaimeza sauti yake.

Taa nyekundu zikapotea kwenye kona. Zilipotea kwa mwendo ambao hakuna mtu mwenye akili huenda nao kwenye matope.

Joan alipiga ukelele ambao hatuwezi kuuandika gazetini.

*

Wakabaki wawili. Mmoja juu ya paa la gari mtoni. Mwingine ukingoni, na kamba miguuni.

Shosho aliinuka polepole. Alitazama barabara tupu. Alitazama mto. Kisha akaokota kamba, akaishika mikononi, na hakuirusha.

"Siku ile," alipaza sauti juu ya mngurumo. "Siku Thuo alikufa. Nani alikuwa ameshika usukani?"

"Shosho, rusha kamba!"

"Nijibu kwanza! Mwaka mzima nimekuuliza na umeninyamazia kama ukuta. Nijibu, ama Mungu akuchukue hapo hapo!"

Gari lilisogea chini ya Joan. Alimwona Thuo kwenye kitanda cha hospitali, midomo mikavu, akimwomba kitu ambacho mtu mzima hafai kuombwa. Alikuwa amekubali. Alikuwa amebeba matusi, amebeba migongo aliyogeuziwa kanisani, kwa sababu ya ahadi ile.

Lakini Thuo hakujua kwamba siku moja ndugu yake angeondoka na mtoto.

"Jeff!" Joan alisema. "Ni Jeff alikuwa anaendesha! Alikuwa amelewa, Thuo akamwambia asipite lori kwa mvua, akapita! Thuo ndiye alinikataza nikuambie! Alisema presha itakuua, alisema umebaki na huyo mmoja tu!"

Kamba ilibaki mikononi mwa Shosho.

"Muulize Natalie! Alikuwa kiti cha nyuma! Ameanza kukumbuka, ameanza kusema. Unafikiri ni kwa nini Jeff hataki arudi kwangu?"

Mvua ilimpiga Shosho usoni, ikamtiririka kwenye makunyanzi yote. Uso wake haukubadilika. Ila kitu fulani nyuma ya uso huo kiliketi chini, kama mtu aliyesimama mwaka mzima.

Hakusema pole. Mama huyu hakuumbwa na neno hilo.

Aliizungusha kamba kiunoni mwake mwenyewe, juu ya lile koti la kanisani, akaifunga vile wafugaji hufunga fahali. Gari lilikuwa limekwenda, mti wa karibu haukuwepo. Aliketi matopeni, akaegemeza visigino viwili kwenye jiwe, akarusha.

Kamba ilianguka majini, ikabebwa. Akaivuta, akarusha tena. Safari hii ncha ilimpiga Joan kifuani.

Joan aliishika. Akatazama ilikofungwa: mwanamke mwembamba wa presha, ameketi kwenye utelezi, akitumia mifupa yake badala ya gari.

"Shosho, hutaweza. Tutaenda sisi wawili."

"Sikupendi," Shosho alisema, akikaza visigino. "Hata leo sikupendi. Lakini mjukuu wangu ameondoka na mtu aliyeua mtoto wangu, na mimi sijui kuendesha gari. Kuja!"

Nguzo ikakatika.

Double cabin iliinua pua kama ng'ombe anayeamka. Joan alijizungushia kamba mkononi mara mbili, akaruka. Mto ukamfunga mdomo, macho, masikio. Kamba ikakaza kwa kishindo kilichomng'oa bega.

Na alipotokeza kichwa juu ya maji, kitu cha kwanza alichokiona ni jiwe lile ukingoni, limeng'oka mahali pake, na Shosho Wariara, meno yameumana, mikono imeikamata kamba, akiteleza kwa makalio kumfuata mtoni.